Skafu ya Hariri Kati ya Msanii na Mbunifu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Mtwara na Lindi

Mimi ni mbunifu wa mavazi, nafanyia kazi Mtwara mjini pamoja na wachoraji na wachongaji wa kusini. Maswali yaliyo hapa chini, kuhusu kugeuza kazi ya msanii kuwa skafu ya hariri, huletwa na wasanii wenyewe, na wabunifu wenzangu wanaotaka kuanza, na akina mama na kaka wanaotaka kununua. Nimeyaandika kwa jinsi yanavyoulizwa.

Kuna kazi gani hapo? Si unachukua picha ya msanii unaichapa kwenye hariri?

Unaweza kufanya hivyo, na wengi hufanya. Ukishaivaa ndipo unaona kichwa cha mtu kimekatikia shingoni na mnazi umelala.

Picha ya ukutani hutazamwa ikiwa imetulia. Skafu haitulii. Hukunjwa pembe kwa pembe ikawa pembetatu, hufungwa kichwani, huzungushwa shingoni, hufungwa kwenye mkono wa mkoba. Ukiikunja pembetatu, nusu ya mchoro inaingia ndani, na kona moja inaangukia mgongoni, ambako kila anayekuja nyuma yako ataiona kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo kona nne zinabeba kazi kubwa kuliko katikati, kinyume kabisa na turubai ya mchoraji. Wanawake wa kwetu wanalijua jambo hili kutokana na kanga: mji una uzuri wake, lakini pindo ndilo linaloonekana likizunguka mwili.

Ndiyo maana namwomba msanii achore upya. Chukua sanamu ya ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana ambao wachongaji wa Kimakonde wamejulikana nao duniani. Ukiusimamisha katikati ya skafu kisha ukakunja, unabaki na miguu tu. Lakini watu walewale wakipangwa kuzunguka kingo zote nne, kila mmoja ameshikamana na mwenzake, hakuna tena juu wala chini. Popote unapokunja, kuna mtu amembeba mtu. Wazo ni la mchongaji, mpangilio ni wa mbunifu, na hakuna kati yao ambaye angefika hapo peke yake. Hiyo ndiyo kazi.

Mchongaji anaweza kushiriki, au ni ya wachoraji tu?

Anaweza, na mara nyingi mchongaji ndiye anayenipa mstari ninaoupenda zaidi, kwa sababu amezoea kuondoa kisichohitajika. George Lilanga, Mmakonde wa upande wa Masasi aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki 2005, alianza na kuchonga; baadaye mashetani yake yenye masikio makubwa na midomo iliyofura yakahamia kwenye picha zenye rangi kali zilizozunguka dunia. Mkono ulikuwa uleule.

Jinsi tunavyofanya: sanamu inawekwa mezani, inapigwa picha kila upande chini ya mwanga unaotoka pembeni ili vivuli vionekane, kisha mchongaji mwenyewe anachagua upande upi ugeuke mstari kwenye karatasi. Kama ni mchongo bapa, mfano nakshi za milango ya zamani ya Mikindani, weka karatasi nyembamba juu yake usugue mkaa taratibu. Nakshi itajitokeza yenyewe. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kwanza.

Hili ni jambo jipya, au limewahi kufanyika kwingine?

Limefanyika sana. Hermès, kampuni ya mitindo ya Paris, ilitoa skafu yake ya kwanza ya hariri mwaka 1937, na umbo la mraba wa sentimita 90 ambalo sasa kila mtu analitumia limezoeleka kwa sababu yao. London, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mtengenezaji wa vitambaa Zika Ascher aliwaomba wasanii wakubwa wamchoree skafu, akiwemo Henri Matisse na Henry Moore. Moore alikuwa mchongaji.

Ninayependa kumtaja zaidi kwa wasanii wa huku ni Kermit Oliver, mchoraji wa Texas nchini Marekani. Alikuwa mfanyakazi wa posta katika mji wa Waco, na kuanzia miaka ya 1980 aliwachorea Hermès skafu nyingi, wanyama na maua ya kwao yakiwa yamejaa kila kona. Hakulazimika kuhamia Paris. Mtu wa Nanyamba au Nachingwea asiambiwe kwamba lazima ahamie Dar es Salaam ndipo kazi yake ihesabiwe.

Hariri inatuhusu nini sisi watu wa kusini? Si nguo ya kigeni?

Ni ya kigeni kwa kuzaliwa, kwa sababu kiwavi wa nondo anayeitoa na mti wa mforosadi anaokula majani yake asili yao ni China. Lakini ilishafika kwetu zamani. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anawaeleza watu wa Kilwa wakiwa wamevaa nguo nzuri za dhahabu, hariri na pamba. Kilwa iko mkoa wa Lindi. Anayeniambia hariri si yetu namwelekeza huko.

Tunaweza kutumia chale, ndonya na midimu kwenye skafu?

Hapa nina msimamo, na si kila mwenzangu anakubaliana nami.

Chale za Kimakonde, yaani ile mistari ya pembe, misumeno na almasi iliyochanjwa usoni na mwilini, zilikuwa urembo na utambulisho wa watu. Bado wapo wazee wachache wanaozibeba usoni. Mpangilio wa mistari kama hiyo ukichorwa na Mmakonde kwa kufuata alichofundishwa, nauona ni halali na ni mzuri mno kwenye hariri, kwa sababu mstari wa pembe unapokunjwa hutoa mstari mwingine wa pembe. Ninachokataa ni kunakili uso wa bibi fulani kutoka kwenye picha ya mtandaoni, au kutoka kitabu cha mpiga picha wa zamani, na kuuza uso huo bila yeye wala wajukuu zake kujua. Kama unataka chale za mzee fulani, nenda kwake. Kaa naye, mweleze kitambaa kitaenda kwa nani na kitauzwa kiasi gani, kisha umsikilize. Akikataa, amekataa.

Ndonya, yaani kile kipini cha mdomo wa juu, vivyo hivyo. Ikichorwa kama pambo la heshima la mwanamke wa Kimakonde, sawa. Ikichorwa kama kichekesho kwa watalii, sitaigusa.

Midimu sichapi kabisa. Vinyago hivi ni vya jando na unyago. Anayecheza ndani yake hakutakiwa kujulikana, na siri hiyo ilifichwa hasa kwa wanawake na watoto. Skafu huvaliwa zaidi na wanawake. Kumfunga mwanamke kichwani kitu ambacho bibi yake hakuruhusiwa kukijua, halafu kumtoza pesa, kwangu ni utovu wa adabu. Najua vinyago vya namna hiyo vinauzwa kwa watalii pale Mwenge, Dar es Salaam. Kuuzwa kwake hakunibadilishi mawazo.

Na kuna upande wa sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazungumzia pia sanaa za jadi za jamii, kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa nakshi haina mwandishi mmoja basi ni ya kuokota. Uliza kabla ya kuchapa.

Mimi niko Lindi na si Mmakonde. Nichore nini?

Una utajiri ambao haujaguswa. Husuni Kubwa, kule Kilwa Kisiwani, kuna birika lenye pembe nane. Pembe nane ndani ya mraba: huo tayari ni mpangilio wa skafu, umekusubiri kwa karne kadhaa. Msikiti Mkuu wa Kilwa una kuba na matao yanayojirudia, na kinachojirudia ndicho pindo linachotaka. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981, na bado sijaona hariri iliyoyatendea haki.

Halafu kuna Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dinosaria, ikabebwa vichwani na wapagazi wa kwetu hadi bandari ya Lindi, na mmoja kati ya wanyama hao amesimamishwa leo katika jumba la makumbusho la Berlin, akiwa na urefu wa mita 13 na zaidi kwenda juu. Shingo ile ndefu ikizungushwa kwenye kingo za skafu! Ningependa sana achore kijana wa Lindi, na ningependa wapagazi waonekane pia, siyo mifupa peke yake.

Na usidharau vilivyo mlangoni: mabibo mekundu na ya njano yakiwa yameshika korosho zake, mitumbwi, chumvi ikikauka. Kila mmoja anavijua, lakini wachache wamevichora kwa uangalifu.

Nani analipwa nini?

Swali hili lijibiwe kabla karatasi haijaguswa. Urafiki mwingi wa kazi huvunjikia hapa.

Kwanza, tofautisha mchoro wenyewe na haki ya kuuzalisha. Mbunifu akilipia matumizi ya mchoro kwenye skafu, hajanunua ile karatasi wala turubai. Hiyo inabaki kwa msanii, anaweza kuitundika au kuiuza. Na mtu aliyenunua turubai kwa msanii hajapata kwa hilo haki ya kuichapa kwenye nguo. Wasanii wengi wa huku hawalijui hili, na wapo wanaonufaika na kutojua kwao.

Pili, kuna njia mbili za kulipa, na unaweza kuzichanganya. Moja ni malipo ya mara moja. Nyingine ni mrabaha, yaani asilimia ya kila skafu inayouzwa. Tuseme, kwa mfano tu, skafu inauzwa shilingi 150,000 na mmekubaliana asilimia 10 ya bei ya kuuzia. Msanii anapata 15,000 kwa kila moja. Zikiisha 100, amepata 1,500,000. Mimi hupendelea kutoa kiasi cha awali msanii anapoanza kuchora, kisha mrabaha baadaye, kwa sababu mtu hawezi kukaa wiki nyingi anachora huku watoto wanasubiri skafu ziuzwe. Andikeni kama asilimia ni ya bei ya dukani au ya jumla. Neno hilo moja likikosekana, mtagombana.

Tatu, mkataba utaje idadi ya skafu, vipimo, muda, na bidhaa. Kama ni skafu, ni skafu. Mchoro usije ukaonekana mwakani kwenye mito ya hoteli au vikombe. Andikeni pia kinachotokea toleo likiisha.

Mkataba uwe kwa Kiswahili. Kama unafanya kazi na mzee ambaye hasomi vizuri, msomee kwa sauti mbele ya mwanawe au mtu anayemwamini, mpe siku za kufikiri, usimwekee kalamu mkononi palepale. Na msanii asajili kazi yake COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Hakimiliki huanza pale kazi inapoundwa, lakini usajili unampa ushahidi siku ya ubishi.

Jina la msanii linakaa wapi?

Kwenye hariri yenyewe, ndani ya mchoro, karibu na kona. Lebo hukatwa, boksi hutupwa. Jina la mbunifu likae nalo, kwa ukubwa uleule.

Nimepiga picha ya mchoro wangu kwa simu. Nitume WhatsApp?

Ya kunionyesha tu, ndiyo. Ya kuchapa, hapana. Skafu ya sentimita 90 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji faili la takriban pikseli 10,630 kila upande. Hata kwa nukta 200 ni kama 7,090. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 inatoa pikseli 4,000 kwa 3,000, na WhatsApp huibana picha hiyo zaidi. Mstari mwembamba uliochukua asubuhi nzima utageuka ukungu.

Chora kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, kisha tafuta skana. Kama karatasi ni kubwa, iskaniwe vipande vipande na kuunganishwa kwenye kompyuta. Acha nafasi ya sentimita 2 hivi pembeni isiyo na kitu muhimu, maana pindo litaimeza.

Hariri ya aina gani?

Uzito wa hariri hupimwa kwa mome. Mome 1 ni gramu 4.34 hivi kwa mita ya mraba. Hariri nyepesi ya mome 8 hupepea vizuri ila huonyesha nywele kwa ndani na huteleza kichwani. Twili ya mome 14 ndiyo naipendekeza: ule ufumaji wake wa mshazari hushika fundo, na skafu nzima ya 90 kwa 90 ina gramu 49 hivi. Mome 16 au 18 ni nzuri zaidi na ghali zaidi. Shifoni usiichukue kwa mchoro wenye mistari myembamba.

Inachapwaje, na wapi?

Njia ni mbili. Chapa ya skrini hutumia fremu moja kwa kila rangi, kwa hiyo mchoro wa rangi 12 unadai fremu 12. Gharama ya kuanza ni kubwa, lakini rangi huzama mpaka upande wa pili. Chapa ya kidijitali hurusha wino moja kwa moja kutoka kwenye faili, rangi ni nyingi utakavyo, na unaweza kuagiza chache. Kasoro yake ni kwamba nyuma hubaki pamefifia kidogo. Kwa toleo dogo, kidijitali inatosha.

Katika njia zote mbili hariri lazima ipigwe mvuke ili rangi ishikamane na uzi, kisha ioshwe. Bila mvuke, jasho la mchana mmoja wa Mtwara litaihamishia shingoni. Mimi naagiza nje ya nchi.

Kwa nini rangi imetoka tofauti na kwenye kioo cha simu?

Kioo kinatoa mwanga, kitambaa kinaurudisha. Agiza kila mara kipande cha jaribio kabla ya toleo zima, na mkitazame nje, kivulini, wewe na msanii pamoja. Weusi wa mpingo ndio unaonisumbua zaidi: mpingo una joto la hudhurungi ndani yake, na nyeusi ya kiwandani ina ubaridi. Wekeni kipande cha mpingo juu ya jaribio, mtaona wenyewe. Mpelekee mchapaji sampuli ya rangi mkononi, si maelezo.

Pindo linashonwa na nani?

Na mafundi wa hapahapa, ndiyo maana naagiza hariri ikiwa imechapwa lakini haijashonwa. Ukingo huviringishwa kwa vidole kuelekea upande wa mbele, kisha hushonwa kwa sindano nyembamba na uzi wa hariri, mishono isionekane. Skafu moja ina mita 3.6 za pindo. Ni kazi ya subira na ilipwe kwa heshima yake. Malipo ya cherehani hayatoshi hapa.

Nitajuaje kuwa nauziwa hariri ya kweli?

Chomoa nyuzi chache ukingoni uzichome. Hariri huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika ukiyabana. Poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu. Sokoni neno satini hutumika ovyo: satini ni namna ya kufuma, na satini nyingi tunazoziona ni poliesta.

Sina mtaji wa hariri. Nichape kwenye poliesta?

Chapa, inapendeza, na njia ya sablimesheni, yaani kuhamisha rangi kwenye kitambaa kwa joto, inapatikana kwa bei nafuu. Andika tu "poliesta" kwenye lebo, na mrabaha wa msanii ubaki palepale.

Mwanaume anaweza kuvaa? Na inafaa kuswalia?

Kwa Waislamu, mafundisho yanakataza hariri safi kwa wanaume. Kaka akiniuliza namwambia hivyo kabla hajalipa, na namwonyesha mchoro uleule kwenye pamba. Kwa dada anayetaka ya kuswalia, namshauri achague yenye nakshi au maua badala ya watu na wanyama. Kwa zaidi ya hapo amuulize shehe wake.

Skafu ya 90 inatosha kujitanda?

Kichwa, ndiyo. Kushuka hadi kifuani, hapana. Chukua ya 140 kwa 140. Mchoro wa 90 usikuzwe tu kwenda 140. Nakshi ya pindo inakuwa nene kupita kiasi, kwa hiyo msanii alichore upya.

Naitunzaje kwenye joto na chumvi ya pwani?

Maji ya baridi, sabuni laini, mikono. Usiloweke, usikamue, usiguse dawa ya kung'arisha nguo: klorini huila hariri. Ikunje ndani ya taulo ili inyonye maji, anika kivulini, piga pasi ya moto mdogo ikiwa na unyevu kidogo. Manukato yapakwe kwanza, yakauke, ndipo uvae. Hifadhi ndani ya kitambaa cha pamba, si mfuko wa plastiki, kwani unyevu wa huku ukifungiwa huleta ukungu. Wadudu pia huila, hasa ikiwekwa na jasho.

Mbona bei kubwa?

Kifukofuko kimoja cha kiwavi wa hariri hutoa uzi wa mita 600 hadi 900 mwembamba kuliko unywele, na skafu moja inakula vifukofuko vingi. Ongeza chapa, usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, fundi wa pindo, kisha msanii na mbunifu. Anayekuuzia "hariri ya msanii" kwa bei ya mtandio wa sokoni, muulize msanii amelipwa ngapi.

Nina mchoro tayari. Nianzie wapi?

Nunua bafta, kata kipande cha sentimita 90 kwa 90, uhamishie mchoro wako kwa kalamu ya wino mnene, hata kama ni kwa haraka. Mfunge mtu kichwani, kisha shingoni. Mpige picha mbele, ubavuni na nyuma. Rekebisha kona, mfunge tena. Ukija kwangu au kwa mbunifu mwingine yeyote, njoo na hiyo bafta pamoja na mchoro wa kwanza, na kiasi unachotaka kulipwa uwe umekiandika.